Nebula kwa kamera ya harusi: maswali yenu kuhusu kupiga picha anga la kusini

Mwezi huu barua na meseji nyingi zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu ana kamera ya kawaida, au simu tu, anataka kupiga picha nebula (yale mawingu ya gesi na vumbi huko angani), galaksi na makundi ya nyota, na kila anakosoma anaambiwa anunue vitu ambavyo hata Dar hajui atavipata wapi. Nimechagua maswali saba. Majibu mengine marefu, mengine mafupi, inategemea swali lenyewe.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi napiga picha za harusi na sendofu hapa mjini. Nina Canon 1300D, lensi yake ya 18-55, nyingine ya 50mm f/1.8 na tripodi ya kawaida. Kuna mtu kaniambia picha za nebula bila darubini ya mamilioni na mashine ya kuizungusha nisahau. Ni kweli?
*Mpiga picha, Mtwara mjini*

JIBU: Nzuri kaka. Si kweli, na naomba ulishike hili kabla hujatumia hata shilingi: vitu vingi vya anga la mbali si vidogo, ni hafifu. Wingu Kubwa la Magellan, ambalo ni galaksi nzima, linaonekana angani kwa upana wa kama nyuzi 10, yani ukipanga miezi mipevu ishirini kwa mstari ndo unapata upana wake. Ukiliwekea darubini kubwa hata haliingii lote. Kinachokukosesha ni mwanga, kukuza hakukusaidii kitu hapo, na mwanga unakusanywa kwa njia mbili tu, tundu la lensi kuwa pana na muda kuwa mrefu.

Kwenye tundu tayari uko vizuri. Ile 50mm yako ukiifungua f/1.8 tundu lake lina upana wa kama milimita 28, wakati 18-55 ukiivuta mpaka 55 tundu linabaki kama milimita 10, ukipiga hesabu ya eneo ile 50 inameza mwanga karibu mara nane. Kwa hiyo ile lensi ya bei ndogo unayopigia picha za bibi harusi akiwa peke yake ndo lensi yako ya nebula. Usiifungue mpaka mwisho lakini, kwa f/1.8 nyota za pembeni zinaota mabawa, rudi f/2.5 au f/2.8 utaona zinatulia.

Sasa muda. Huwezi kuacha shata wazi dakika tano kwenye tripodi kwa sababu dunia inazunguka na nyota zitakuwa mistari, nitaeleza hapo chini. Unachofanya ni kupiga picha fupi nyingi sana za sehemu ileile halafu programu ya kompyuta inazipanga nyota juu ya nyota na kuzijumlisha. Mwanga wa nebula uko palepale kila picha, unaongezeka sawasawa na idadi ya picha, lakini zile chenga za kamera zinatokea ovyo, leo hapa kesho pale, kwa hiyo zenyewe zinaongezeka polepole, kwa kipeuo cha pili cha idadi. Picha 100 zinakupa usafi mara 10 kuliko moja. Picha 300 kama mara 17. Ndo maana mtu mwenye kamera ya kawaida na uvumilivu anamshinda mwenye kamera ghali aliyepiga picha moja akaenda kulala.

Kwa usiku wako wa kwanza weka hivi: kamera kwenye M, faili ziwe RAW (picha ghafi ambazo kamera haijazibana), ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600, f/2.8, sekunde 4, lensi kwenye manyuo, yani fokasi ya mkono. Zima ile huduma ya kupunguza chenga kwenye picha za muda mrefu, hiyo kila ukipiga picha moja kamera inakaa muda uleule inapiga nyingine ya giza, unapoteza nusu ya usiku. Nunua rimoti ya waya, zile za kawaida zenye kitufe kinachojifunga, weka kamera kwenye kupiga mfululizo, funga kitufe, itapiga yenyewe picha baada ya picha na wewe huigusi. Picha 300 za sekunde 4 ni dakika 20 za mwanga, na RAW ya kamera yako ni kama megabaiti 25 hivyo andaa gigabaiti nane kwenye memori kadi. Kila baada ya dakika kumi hivi rudisha kitu chako katikati maana kitakuwa kimesogea. Na betri, usitoke na moja.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, tuna klabu ya sayansi. Tumesoma maelekezo mengi, wote wanasema anza na galaksi ya Andromeda na nebula ya Orioni. Andromeda tumeitafuta Juni nzima hatuioni. Tunakosea wapi?
*Mwanafunzi, Masasi*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hamjakosea popote, tatizo ni kwamba mmefuata maelekezo yaliyoandikwa na watu wanaoishi kaskazini, Ulaya na Marekani, wao Andromeda inapita karibu na utosi. Nyie mko kama nyuzi 10 na nusu kusini mwa ikweta. Kwenu Andromeda ikipanda juu kabisa inafika kama nyuzi 38 upande wa kaskazini, na hiyo ni Oktoba na Novemba usiku, sio Juni jioni. Mtaipiga tu, iko miaka milioni 2.5 ya mwanga na bado inaonekana kwa macho sehemu yenye giza zuri, ila msianze nayo.

Anzeni na anga lenu. Hapa nitarefusha kidogo kwa sababu hili ndo jambo ninalotamani kila mtu wa kusini alijue: tuna vitu juu ya vichwa vyetu ambavyo mtu wa London hatakuja kuviona maisha yake yote akiwa kwao, haviinuki kabisa kule.

Kuanzia Aprili mpaka Juni, saa mbili usiku, tazameni kusini mtauona Msalaba wa Kusini. Upande wake wa kulia, kwa urefu uleule, kuna doa la ukungu linaloonekana hata kwa macho makavu, hiyo ni nebula ya Karina. Kwa eneo ni kama mara nne ya ile ya Orioni ambayo dunia nzima inaisifia. Ndani yake kuna nyota inaitwa Eta Carinae ambayo mwaka 1843 iliwaka ghafla ikawa ya pili kwa kung'aa usiku baada ya Sirius, halafu ikafifia tena. Ukiwa na 50mm, sekunde kadhaa tu, tayari rangi ya waridi inaanza kujitokeza nyuma ya kamera.

Rudini kwenye Msalaba, sasa pandeni juu kushoto. Kuna nyota moja yenye ukungu ukungu haikai kama wenzake. Hiyo si nyota. Ni Omega Centauri, kundi la nyota kama milioni kumi zilizojikusanya duara, umbali wa kama miaka 17,000 ya mwanga. Watu wa zamani waliiandika kwenye orodha zao kama nyota ya kawaida mpaka Edmond Halley alipoitazama kutoka kisiwa cha Mtakatifu Helena mwaka 1677 akaona si nyota. Juni saa mbili usiku iko juu zaidi ya nusu ya anga kwenu, na kwa upana ni sawa na mwezi mpevu, kwa lensi ya 50 inachukua kama pikseli 120 kwenye kamera za kawaida, mnaona kabisa duara lenye punje punje. Kwangu mimi hii ndo ya kwanza kabisa ya klabu ya shule kwa sababu haina rangi ya kuhangaika nayo, ukipata fokasi umepata picha.

Julai na Agosti, saa nne usiku, ule mkanda mweupe wa nyota, Milky Way, unapita karibu na utosi na katikati yake panene ndo kitovu cha galaksi yetu. Hapo weka hata 18mm, elekeza juu, kila unapogusa pana kitu: nebula ya Lagoon, makundi ya nyota, mawingu meusi ya vumbi yanayokata mkanda vipande vipande. Oktoba, kabla mvua hazijaanza, amkeni saa tisa usiku: Orioni iko juu sana mashariki na Wingu Kubwa la Magellan liko kusini, vyote viwili kwa mkupuo. Hilo wingu liko zaidi ya miaka 160,000 ya mwanga, na Februari 1987 nyota ililipuka ndani yake watu wakaiona kwa macho.

Na Kilimia, kile kikundi cha nyota, mnakijua, wazee wenu walilimia kwacho. Novemba usiku kiko kaskazini, kipigeni kwa 50mm, kile kibuluu kinachozizunguka nyota zake ni vumbi linaloakisi mwanga.

Wekeni Stellarium, programu ya ramani ya anga, kwenye simu, inapatikana bure, andikeni Masasi kama mahali mlipo na msogeze tarehe muone nini kiko wapi. Halafu zile orodha za kaskazini wekeni pembeni.

SWALI: Mimi nyota zangu zinatoka kama vijiti, au zinatoka kama pete nene zenye ukungu. Nimejaribu sekunde 30, nimejaribu 15. Natumia Nikon na 50mm. Nisaidie.
*Muuguzi, Lindi*

JIBU: Dada, hayo ni matatizo mawili tofauti yamekutana kwenye picha moja.

Vijiti ni mzunguko wa dunia. Nyota zinasogea nyuzi 15 kwa saa. Watu wana hesabu ya haraka, unachukua 500 unagawa kwa urefu wa lensi, na kwa kamera zenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) ndogo kama zetu unazidisha kwanza urefu kwa 1.5 kwa Nikon au 1.6 kwa Canon. 50 mara 1.5 ni 75, 500 gawa kwa 75 unapata kama sekunde 6 na nusu. Mimi naona 500 ni ya huruma mno, ukikuza picha bado unaona vijiti, tumia 300, utapata sekunde 4. Kwa 18mm utapata kama sekunde 11.

Ila hesabu hiyo inachukulia kwamba nyota zote zinakimbia sawa, na hazikimbii sawa. Zilizo karibu na ikweta ya anga, Orioni kwa mfano, ndo zinakwenda mbio kuliko zote. Kadri unavyoelekea ncha ya kusini zinachora duara dogo, zinasogea taratibu. Nebula ya Karina inakwenda nusu ya mwendo wa Orioni. Wingu Kubwa la Magellan linakwenda kama theluthi tu! Yani pale kwenye sekunde 4 za Orioni, Karina unaipa 8, na Wingu la Magellan unalipatia sekunde 10 hata 12 bila kijiti kuonekana, labda kwenye pembe za picha kidogo. Kwa mtu asiye na mashine ya kuzungusha hii ni neema kubwa sana, na anga la kusini ndiko vilikojaa vitu vikubwa vyenye kwenda polepole.

Pete nene ni fokasi. Usiamini ile alama ya mwisho kwenye lensi, wala usizungushe mpaka igome, zinapitiliza. Fanya hivi: zima fokasi ya kujiendesha, zima na ile ya kutuliza mtikisiko kama lensi yako inayo, washa skrini ya nyuma, elekeza nyota kali kama Sirius au Alfa Centauri, kuza kwenye skrini mpaka mwisho, sasa zungusha pete ya fokasi kidogo kidogo sana. Nyota itakuwa pana, itapungua, itakuwa nukta, halafu itaanza kupanuka tena, rudi pale ilipokuwa nukta ndogo kuliko zote. Na zile nyota hafifu za pembeni ambazo ulikuwa huzioni kabisa, ukifika penyewe zinachomoza ghafla, hiyo ndo dalili ya uhakika. Bandika selotepu kwenye pete isisogee. Halafu angalia tena baada ya saa moja maana lensi ikipoa fokasi inahama.

SWALI: Nina simu tu. Niache?
*Msomaji, Tandahimba*

JIBU: Usiache. Simu nyingi sasa zina sehemu ya Pro kwenye kamera, ingia humo, ISO 1600 au 3200, shata sekunde 15, fokasi sogeza mpaka kwenye alama ya mlima, taimer sekunde 5 ili usiitikise. Isimamishe kwenye stendi au iegemeze kwenye tofali, ilenge kitovu cha mkanda mweupe Julai usiku, piga thelathini, zijumlishe kwenye kompyuta kama kamera nyingine yoyote. Mkanda utatoka, mawingu meusi yatatoka, na Oktoba saa tisa usiku ukiielekeza kusini, yale Mawingu ya Magellan, Kubwa na Dogo, yatatoka kama madoa mawili. Nebula mojamoja kwa ukaribu usitegemee. Kama simu yako inatoa RAW kwenye hiyo Pro, itumie, tofauti ni kubwa.

SWALI: Kuna rafiki zangu tunataka kwenda Msimbati kupiga picha usiku, wengine wanasema mwezi ukiwa mkubwa ndo vizuri tunaona njia. Pia nasikia lensi zinapata ukungu pale baharini. Tujiandae vipi?
*Dereva, Mikindani*

JIBU: Mwezi mkubwa hapana kabisa kaka. Mbalamwezi inafuta nebula zote. Nendeni usiku wa giza, zile siku wavuvi wa dagaa wanapoingia baharini na taa zao, siku tatu nne kabla na baada ya mwezi kuandama. Taa za wavuvi zenyewe zitawaka upande wa baharini, kwa hiyo geuzeni kamera juu au kusini.

Sasa kuna kitu ambacho mtu wa bara hatakwambia. Usiku wa giza ni bamvua. Mkifika pale saa tatu saa nne usiku maji yamekupwa, mchanga mkubwa mpana mzuri, mtatamani kwenda kusimamisha tripodi kule mbele. Maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri na kwa bamvua yanapanda juu kweli. Kama mnataka kukaa mpaka Orioni ipande, wekeni vitu vyenu juu ya mstari wa majani makavu yaliyoachwa na bahari, na mabegi vilevile. Mchanga mlaini nao unazamisha miguu ya tripodi taratibu, picha ya mwanzo na ya mwisho hazilingani, wekeni vipande vya mbao chini ya kila mguu.

Ukungu wa lensi ni umande. Kioo kikipoa kuliko hewa yenye unyevu, matone ya maji yanajikusanya juu yake, na pwani yetu unyevu haukosekani. Kwanza msitoe kamera kwenye gari lenye AC moja kwa moja, ifungeni kwenye begi izoee joto la nje nusu saa. Pili tengenezeni kofia ya lensi, chukua boksi gumu la karatasi, lipake rangi nyeusi ndani, livishe lensi litokeze mbele kama kiganja kimoja, hiyo peke yake inachelewesha umande kwa saa nzima au zaidi. Tatu kafeni kadogo ka betri au ka USB kakipuliza hewa kwenye kioo. Msifute lensi na kanga wala shati, ule umande wa pwani una chumvi, mtakwaruza. Pulizeni kwanza, halafu kitambaa cha lensi. Mkirudi nyumbani futeni kamera yote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kabla chumvi haijakaa.

Kusi likivuma sana kati ya Juni na Agosti ning'inizeni begi zito katikati ya tripodi, na msitoe ile shingo ya katikati juu. Na jambo la mwisho kwa Msimbati: kule kuna mitambo ya gesi, msielekeze kamera kwenye mitambo, na kabla hamjaenda pigeni hodi kwa mwenyekiti wa kijiji mjieleze, muonyesheni na mfano wa picha kwenye simu. Watu wanne na tripodi ufukweni saa saba usiku bila taarifa, walinzi wana haki ya kuuliza.

SWALI: Shikamoo kaka. Nimepiga nebula ya Karina picha 200 kama unavyosema. Moja moja zina rangi ya kijivu, hazina maajabu. Nafanyaje sasa? Laptop yangu ni ya zamani. Na mashambani huku wanapuliza salfa kwenye mikorosho, hewa ina vumbi, na baadaye wanachoma mashamba.
*Mwalimu wa shule ya msingi, Newala*

JIBU: Marahaba mwalimu. Picha moja moja kuwa ya kijivu ni sawa kabisa, kazi iko mbele.

Kwanza kuna picha za kusaidia ambazo huenda hukupiga, zipige safari ijayo. Kabla ya kuondoka pale ulipo, funika lensi na kifuniko chake, usibadili ISO wala muda, piga kama 30. Hizo ni picha za giza, zinaionyesha programu ni chenga gani zinatoka kwenye kamera yenyewe ikatoe, na lazima uzipige palepale kwa joto lilelile, ukizipiga nyumbani kesho mchana hazifai. Halafu asubuhi vaisha lensi fulana nyeupe iliyonyooshwa vizuri, elekeza anga lililo jeupe sawasawa, fokasi na upana wa tundu la lensi vibaki vilevile, piga 30. Hizo zinaondoa giza la kwenye pembe na vivuli vya vumbi lililokaa kwenye lensi na sensa, na kwa hali ya Newala mwalimu hizo usizikose.

Programu ni za bure. DeepSkyStacker na Sequator zinakwenda kwenye Windows, Siril inakwenda hata kwenye Linux na Mac. Kwa laptopu ya zamani anza na Sequator, ni nyepesi na haina maswali mengi. Usiweke 200 zote kwa mara ya kwanza, weka 40 uone njia, ukielewa iachie zote usiku ukalale. Zile ambazo wingu lilipita au nyota zimetikisika zitoe kabla, usizionee huruma. Satelaiti zilizopita usihangaike nazo, ukichagua njia ya kujumlisha inayokataa kilichojitokeza kwenye picha moja tu, zinafutika zenyewe.

Faili litakalotoka bado litakuwa jeusi. Usikate tamaa hapo, wengi wanakatia tamaa hapo! Mwanga wote umebanana upande wa kushoto wa grafu ya mwanga inayoonyeshwa na programu, fungua kwenye Siril au GIMP ambayo nayo ni bure, nyoosha ule mkunjo wa mwanga (Curves) kidogo, tazama, nyoosha tena kidogo, mara nyingi ndogo ndogo badala ya mara moja kubwa. Nebula inapanda toka gizani mbele ya macho yako. Acha kabla anga halijawa la kijivu. Watu wanavuta mpaka anga linakuwa zambarau na nyota zinakuwa mipira, picha inapoteza ukweli wake.

Kuhusu rangi, nebula ya Karina inang'aa zaidi kwa wekundu wa haidrojeni, nanomita 656, na kamera za dukani zina kioo mbele ya sensa kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu huo ili ngozi za watu zitoke vizuri. Kwa hiyo utapata waridi laini badala ya nyekundu kali uliyoiona mtandaoni. Kuna watu wanakitoa kile kioo. Kwa kamera unayotumia kwenye kazi nyingine sikushauri, ongeza idadi ya picha, rangi inakuja.

Vumbi na moshi: salfa inapulizwa alfajiri mikorosho ikiwa na umande, kwa hiyo jioni mpaka saa sita usiku ndo muda wako, na kamera isikae wazi karibu na shamba linalopulizwa. Kwa moshi wa Septemba na Oktoba, piga vitu vilivyo juu sana, vya karibu na upeo utapata rangi ya udongo tu. Mvua ya kwanza kabisa ikinyesha na anga likafunguka usiku wake, acha kila kitu utoke, hewa inakuwa imeoshwa.

SWALI: Mimi ni seremala. Kijana wangu anapiga hizo picha, anasema kuna kifaa cha mbao cha kuzungusha kamera kufuata nyota. Naweza kumtengenezea? Nipe vipimo.
*Fundi, Nachingwea*

JIBU: Fundi, unaweza, na utakitengeneza vizuri kuliko wengi maana kazi yote ni bawaba isiyocheza. Kilichapishwa mwaka 1975 na Mskoti aitwaye George Haig na mpaka leo watu wanakitumia.

Chukua mbao mbili zilizokauka vizuri, mninga unafaa, kila moja kama sentimita 30 kwa 10, zifunge pamoja upande mmoja kwa bawaba ndefu moja, bawaba ya piano ukiipata. Ikiwa na mchezo hata kidogo kazi yote imeharibika. Sasa pima kutoka katikati ya pini ya bawaba, milimita 229 kamili, hapo kwenye ubao wa chini zamisha nati ya M6, na bolti ndefu ya M6 ipande kutoka chini iusukume ubao wa juu. M6 ya kawaida inapanda milimita moja kwa kila mzunguko, na kwa umbali huo wa 229 mzunguko mmoja kwa dakika unafungua mbao kwa mwendo uleule wa nyota. Pale bolti inapogusa ubao wa juu weka kipande cha bati isichimbe. Kichwa cha bolti kitie mkono wa duara kama sahani, gawa robo nne, kijana atakuwa anazungusha robo kila sekunde 15 akifuata saa. Juu ya ubao wa juu funga kichwa cha tripodi kinachozunguka pande zote, hapo ndo kamera inakaa.

Kukiweka, bawaba ilale kwenye mstari wa kaskazini na kusini, iwe upande wa magharibi, ubao wa juu unyanyuke kwa upande wa mashariki. Mwisho wa kusini wa bawaba uinuliwe nyuzi 10 na kidogo, maana kwetu ncha ya anga ya kusini iko chini hivyo tu juu ya upeo. Hakuna nyota kali pale ya kulengea, kwa hiyo tumia dira ya simu iliyowekwa kwenye kaskazini halisi na programu ya kupimia mteremko. Simu isimame mbali na bolti na bawaba wakati anapima, chuma kinavuta dira.

Kwa kifaa hicho na 50mm atatoka sekunde 4 mpaka dakika moja, akiweka vizuri dakika mbili. Bolti iliyonyooka itafunguka vizuri dakika kumi hivi za mwanzo, baada ya hapo pembe inaanza kupotoka, afunge mbao arudie upya. Mwambie aanze na lensi pana ya 18 usiku wa kwanza, akiona nyota ni nukta ndo aweke 50. Bolti ipake grisi kidogo, na mbao zipige vanishi pande zote hata ndani, umande wa usiku mmoja unatosha kuzipinda.